Saruji ya Nizwa na Saruji ya Mfuko

Mswahili anayeingia ngome ya Nizwa huko Oman, ile aliyoijenga Imamu Sultan bin Saif al-Yarubi katikati ya karne ya 17 kwa kazi ya miaka 12, huambiwa kwamba kuta zake zimesilibwa kwa saruji. Neno analijua. Amelisikia Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, limeandikwa kwenye mifuko ya kilo 50, na hata yeye mwenyewe hulitamka kila anapoagiza vifaa vya ujenzi. Kwa hiyo akitaka kuitengeneza nyumba ya mababu zake kule al-Minzfah, mtaa wa kale wa Ibra ambao utajiri wake ulifungamana na biashara ya Afrika Mashariki, hana la kumtia shaka: wazee walitumia saruji, na yeye atatumia saruji. Hapo ndipo nyumba inapoanza kufa. Saruji ya Nizwa na saruji ya mfuko ni vitu viwili vilivyorithishana jina, na ukuta wa udongo ukivishwa cha pili badala ya cha kwanza huharibika kwa ndani huku nje ukionekana mpya.

Saruji ya Oman, ambayo Waarabu wa huko huiita saruj, huanzia shambani. Udongo wa mfinyanzi huchotwa, hulowekwa, hukanyagwa kwa miguu, kisha hufanywa mikate bapa inayoanikwa juani. Ikikauka hupangwa juu ya magogo ya mitende na moto huwashwa, ukaachwa uwake siku kadhaa. Mikate iliyoiva hupondwa mpaka iwe unga mwekundu, unga ukachanganywa na maji, mara nyingi pamoja na chokaa, ukatandazwa ukutani au ndani ya mfereji, ukasuguliwa na kunyeshwa maji ili usikauke kwa pupa. Warumi waliijua siri hiyohiyo walipochanganya chokaa na majivu ya volkano: udongo ulioonja moto hushikana na chokaa panapokuwa na maji, na mshikamano huo haumumunyuki. Ndiyo maana aflaj, mifereji ya kale inayonywesha mashamba ya Oman, iliweza kuzibwa isivuje kwa saruj. Mitano kati yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na miongoni mwa hiyo mitano imo Falaj Daris ya Nizwa, al-Khatmayn ya Birkat al-Mawz na al-Jaylah ya upande wa Sur. Saruji ya mfuko ina nasaba nyingine kabisa. Joseph Aspdin wa Leeds aliiandikia hataza mwaka 1824 akaiita Portland, na leo hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa na udongo pamoja katika joto la takriban nyuzi 1,450, joto ambalo hakuna rundo la magogo ya mitende linaloweza kulifikia. Hutoa kitu kigumu, kizito na kilichobana vinyweleo. Mifuko ilipofika pwani yetu, jina la zamani, ambalo lilitoka Uajemi likapitia Ghuba, lilikuwa tayari mdomoni mwa watu, likahamia humo.

Mkanganyiko wa namna hiyo sasa umekuja kwa mlango mwingine. Mwenye kujenga nyumba mpya Nizwa au Sur huonyeshwa vitabu vya mauzo vyenye maneno mawili ya Kiingereza, kladingi na saidingi, na akiuliza tofauti yake hujibiwa kwamba la kwanza ni la Waingereza na la pili la Wamarekani, au kwamba la kwanza ni la majengo makubwa na la pili la nyumba za watu. Jibu hilo si la uongo, lakini halimsaidii mtu. Saidingi ni vipande virefu, zamani vya mbao na sasa hata vya plastiki, vinavyopigiliwa ukutani kila kimoja kikipanda juu ya mwenziwe wa chini, ili mvua iteremke kutoka mgongo hadi mgongo bila kuona mwanya wa kuingilia. Anayejua makuti ya paa anaijua saidingi. Kladingi ni jina la jumla zaidi: kila kinachovishwa nje ya ukuta, kiwe jiwe, kioo, alumini au mbao hizohizo. Basi kila saidingi ni kladingi, wala si kila kladingi ni saidingi. Tukikomea hapo tutakuwa tumepanga majina tu. Katika mikoa ya Sharqiyah na Dakhiliyah ya Oman hakuna mtu anayepigilia mbao ukutani, na kilichokuwa karibu zaidi na saidingi kilikuwa ni zile nyumba za makuti ya mtende za pwani, barasti, ambazo ukuta wake wote ulikuwa ni kifuniko chenyewe, upepo ukipenya na jua likibaki nje.

Swali lenye manufaa ni jingine: kile kilicho nje ya ukuta kimeshikana nao, au kimening'inia mbele yake? Kilichoshikana ni ngozi. Hupumua pamoja na mwili, hutanuka na kusinyaa nao, na mwili ukiugua huonekana juu yake. Kilichoning'inia ni kanzu. Kina nafasi kati yake na mwili, hewa hupita humo, na kanzu ikichafuka au kuchanika huvuliwa bila mwili kuumia. Saidingi iliyopigiliwa vizuri juu ya fito ni kanzu. Vibao vya mawe vilivyotundikwa kwenye vyuma na kuacha mwanya ni kanzu. Lipu ya chokaa ni ngozi, na saruj ni ngozi. Ninachodai katika sura hii ni kwamba karibu kila balaa la kuta za nje katika miji hii linatokana na kuvisha ukuta kitu ambacho si ngozi wala si kanzu: kimegandishwa kama ngozi, lakini hakipumui, kimekusudiwa kukinga kama kanzu, lakini hakina nafasi.

Tuanze na kuta za kale. Ukuta wa matofali ya udongo juu ya msingi wa mawe, kama ulivyo Bahla, Manah na al-Hamra, haukauki kabisa maishani mwake. Maji huupanda kutoka ardhini, hasa kwenye mji uliojengwa kando ya mitende inayonyeshwa, na njia yake ya kutokea ni uso wa nje. Kwenye uso wa chokaa au udongo maji hutoka kama mvuke bila mtu kuona, na chumvi yaliyoibeba hubaki ndani ya lipu yenyewe, ambayo baada ya miaka humomonyoka na kupakwa upya. Lipu imeliwa ili ukuta usiliwe. Ukipaka saruji ya mfuko, mlango huo umefungwa. Maji hayaachi kupanda. Hupanda zaidi yakitafuta pa kutokea, na alama ya unyevu iliyokuwa gotini hufika kifuani. Chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, huota fuwele, na fuwele hizo husukuma. Gonga lipu kama hiyo kwa kifundo cha kidole utasikia sauti ya mtungi mtupu. Mwanzoni pana ufa mwembamba kama unywele. Maji ya mvua huingia kwenye ufa huo na hayana pa kutokea. Kisha bamba zima hubanduka kwa mkupuo, likiwa gumu bado, na upande wake wa nyuma limeng'ang'ania vidole vitatu vya udongo wa ukuta.

Hili si jambo la Oman peke yake. Mji Mkongwe wa Unguja, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, una kuta zenye tabia hiyohiyo, na wanaoshughulika na uhifadhi wake wamekuwa wakirudia miaka mingi kwamba lipu ya saruji ya mfuko huuziba unyevu ndani ya kuta hizo. Chokaa ya kule ilichomwa kwa kupanga mawe ya matumbawe juu ya rundo la magogo, na boriti za mikoko za Rufiji na Lamu, zilezile zilizopakiwa majahazini kwenda Sur na Ghuba yote, ndizo zilizobeba dari za pande zote mbili za bahari. Ncha ya boriti huingia ndani ya ukuta. Ukuta ukishinda na maji, ncha hiyo ndiyo inayooza kwanza, mahali ambapo hakuna jicho linalofika, na aliyepaka lipu nzuri nje hujua habari zake siku dari inapoinama.

Hapa wengi watanijibu kwamba nazungumzia unyevu katika nchi ya jangwa. Nizwa hupata mvua chache mno kwa mwaka; maji gani hayo? Jibu limo Bahla. Ngome ya mji huo iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mwaka uliofuata, 1988, ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu haikuwa imewahi kutengenezwa na sehemu za kuta zilikuwa zikianguka kila mwaka baada ya majira ya mvua. Kazi ya kuifufua ilichukua miaka, ikatolewa katika orodha ya hatari mwaka 2004 na kufunguliwa kwa wageni mwaka 2012. Mvua ya nchi kavu ni haba lakini haiji kwa adabu: hukaa mbali miezi mingi kisha huja yote kwa saa chache, juu ya ukuta uliopasuka kwa jua. Vimbunga vya Gonu mwezi Juni 2007 na Phet mwezi Juni 2010 viliishukia Sharqiyah kwa mvua ambayo kwa kawaida ingegawanywa kwa miaka. Na maji yanayoua ukuta polepole wala hayatoki mbinguni. Hutoka kwenye bustani iliyosogezwa mpaka ukutani, kwenye bomba la bafu lililoongezwa katika nyumba ambayo haikuwa na bafu, kwenye kiyoyozi kinachodondosha tone baada ya tone mahali pamoja kiangazi chote.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo ni la nguvu. Chokaa hukwaruzika kwa ukucha, udongo ndiyo kabisa, na saruji ya mfuko huvunja kucha. Nani atachagua kilicho dhaifu? Lakini ngozi ya ukuta haikuwekwa kubeba dari. Kazi yake ni kuchakaa kwa niaba ya kilicho nyuma yake, na ili ichakae yenyewe kwanza lazima iwe laini kuliko hicho. Jua la Dakhiliyah hupasha uso wa ukuta mchana na kuuachia upoe usiku. Udongo na saruji ya mfuko havitanuki kwa kiasi kimoja wala havipindi kwa namna moja, na panapotokea mvutano kilicho kigumu hung'oa kilicho laini. Ukuta wa udongo hauwezi kushinda vuta nikuvute hiyo. Wazee walielewa hivyo na ndiyo maana waliigawa kazi: udongo uliochanganywa na majani makavu kwenye uso mpana wa ukuta, na saruj mahali maji yanapopita kwa nguvu, yaani juu ya paa, kwenye vichwa vya kuta, chini ya milizamu, ndani ya birika na mifereji.

Nyumba mpya ni habari nyingine, na hapa sina budi kuitetea saruji ya mfuko. Ukuta wa matofali ya saruji ukipigwa lipu ya saruji umepata ngozi ya jinsi yake. Viwili hivyo ni ndugu, hutanuka pamoja, na hakuna udongo wa kuliwa. Tatizo la nyumba mpya ni joto. Ukuta wa udongo wa nusu mita huchukua mchana kutwa kulipokea jua, na joto linapokaribia kufika ndani usiku umeshaingia na nje kumepoa. Tofali la saruji la sentimita 20, tena lenye matundu, halina subira hiyo. Joto la saa tisa alasiri humwingilia mtu chumbani wakati wa kulala. Na usiku wenyewe si wa kutegemewa: huko Qurayyat, kwenye njia ya kutoka Maskati kwenda Sur, tarehe 26 Juni 2018 joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana. Ukuta wa namna hii ndio unaohitaji kanzu. Kifuniko kikikaa mbele ya ukuta na kuacha mwanya wa sentimita chache, ulio wazi chini na juu, jua hupiga kifuniko, hewa ya mwanyani hupata joto na kupanda, nyingine baridi zaidi huingia chini, na tofali la nyuma hubaki kivulini mchana kutwa. Upande wa magharibi peke yake ukivishwa hivyo, faida huonekana.

Kinachouzwa kwa jina la kladingi, hata hivyo, mara nyingi ni vibao vyembamba vya jiwe vilivyogandishwa kwa gundi ya saruji moja kwa moja juu ya tofali. Nyumba hupata sura ya ngome, na mamlaka za miji hupendezwa, nami nakubali kwamba rangi ya jiwe la milima ya Hajar inaukaa vizuri mji kama Nizwa kuliko kioo cha buluu. Lakini jiwe hilo halina mwanya. Hupokea jua na kulikabidhi kwa tofali lililogusana nalo. Maji yakiingia kwenye kiungo hukaa, gundi hulegea, na kibao chenye uzito wa kumjeruhi mtu huanguka barazani. Ubaya wa kuziba bila kuacha mwanya ulithibitishwa kwa gharama kubwa mahali pasipofanana na Oman hata kidogo. Katika miaka ya 1980 na 1990, Vancouver na miji mingine ya pwani ya Kanada ilijenga maghorofa ya fremu za mbao yaliyopakwa lipu iliyotegemewa kuzuia kila tone. Matone machache yalipita, hayakuwa na pa kutokea, na mbao zikaoza ndani ya kuta za majengo ambayo bado yalikuwa mapya. Tume ya Dave Barrett iliundwa mwaka 1998 kuchunguza, na desturi ya ujenzi ikageuzwa: acha mwanya, kubali kwamba maji yataingia, yape njia ya kuteremka na hewa ya kuyakausha. Mji wa mvua na mji wa jua imefikia jambo moja, kwa kuwa mwanya unaokausha maji ndio unaobeba joto.

Mwanya huo unabeba pia moto, na hili halipaswi kutajwa kwa sauti ya chini. Tarehe 14 Juni 2017 moto ulianzia jikoni katika Grenfell Tower, London, ukatoka nje na kukwea jengo lote kupitia vibao vya alumini vyenye plastiki katikati, mwanya ukiwa kama bomba la moshi. Watu 72 walikufa. Jirani na Oman, Dubai ilikuwa imekwisha kuona jengo la Torch likiungua mwaka 2015, na hoteli ya Address Downtown ikiwaka usiku wa kuamkia mwaka 2016; Torch ikaungua tena mwaka 2017. Anayeogopa kanzu kwa sababu ya habari hizi ana haki. Hata hivyo kilichowaka ni kitambaa. Mshono wenyewe hauwaki. Jiwe, udongo wa kuchoma na alumini isiyo na plastiki haviwaki, na mwanya unaweza kukatwa kila ghorofa kwa kizuizi cha moto. Mwenye nyumba ya ghorofa mbili huko Ibra akiletewa vibao vya alumini vyenye bei nafuu, na aulize kuna nini katikati ya zile karatasi mbili za alumini, na asikubali kujibiwa kwa rangi. Huko Sur kuna swali la ziada. Upepo wa bahari huleta chumvi mpaka vyumbani, na kanzu ya mawe iliyotundikwa kwa chuma cha kawaida hushika kutu mahali pasipoonekana. Vyuma vyake vyote lazima viwe vya pua isiyoshika kutu, au kanzu isitundikwe kabisa.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni sawa, ila mafundi wa saruj wamekwisha, kuchoma udongo kunataka magogo, moshi na subira, na mwenye nyumba hana muda huo. Kuhusu moshi wamesema kweli. Kuhusu mafundi wametia chumvi: kuzifufua ngome kumehitaji mikono inayojua kazi, na Harat al-Aqr, mtaa wa kale ulio chini ya kuta za ngome ya Nizwa, una nyumba za udongo zilizogeuzwa kuwa nyumba za wageni, ambapo lipu nzuri ni riziki. Tena nyumba ya kawaida haihitaji saruj kila mahali. Ukuta wake mpana unataka udongo na majani makavu, au chokaa, na chokaa si adimu katika nchi yenye milima ya mawe ya chokaa. Ghali kuliko vyote ni kupaka saruji ya mfuko leo na kujenga ukuta upya baadaye.

Basi kwa mwenye nyumba ya al-Minzfah, kazi ya kwanza ni kupima. Achukue kikombe cha maji na kuyamwaga taratibu juu ya lipu. Ya chokaa na ya udongo huyanywa, ikabaki doa jeusi linalofifia. Ya saruji ya mfuko huyaachia yateremke mpaka chini yakiwa bado yanang'aa. Ikiwa ni hiyo ya pili, aibandue kwa tindo nyepesi kuanzia chini, kimo cha mtu, na asipake kitu. Aisogeze bustani, ahamishe bomba la kiyoyozi, kisha auache ukuta uchi majira yote ya baridi. Wiki za mwanzo udongo utakuwa na rangi ya kahawa na chumvi nyeupe itachanua juu yake kama unga. Aipanguse kwa brashi kavu, itarudi, aipanguse tena. Siku rangi ya chini itakapofanana na rangi ya juu, aite fundi aje na chokaa.